Mkongomani ameshinda rufaa Marekani: je, ushindi huo unamsaidia na ndugu yako?

Tuseme mdogo wako anaishi Texas. Aliingia Marekani, akaomba hifadhi, na kesi yake bado iko mahakamani. Jioni moja, kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwenu, mtu anatuma picha ya karatasi ya Kiingereza yenye jina la mahakama. Chini yake ameandika: "Mkongomani ameshinda rufaa California. Sasa sote tumepita." Asubuhi mama anakuuliza kama mdogo wako bado ana haja ya kumlipa wakili.

Jibu ni kwamba bado anamhitaji wakili. Karatasi hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa, na mtu huyo anaweza kuwa ameshinda kweli. Lakini mahakama za rufaa za Marekani hutoa maamuzi ya aina mbili. Aina moja inafungua njia kwa wengine pia. Aina nyingine inamaliza kesi ya mtu mmoja tu na kuishia hapo. Makala hii inaeleza tofauti hiyo, jinsi ya kuitambua, na kwa nini ni muhimu hata kwako wewe uliye makazini.

Kesi ya hifadhi hupita wapi?

Mtu aliye ndani ya Marekani ambaye serikali inataka kumrudisha kwao husikilizwa kwanza na jaji wa uhamiaji. Akikataliwa, anaweza kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Uhamiaji. Bodi hii iko chini ya Wizara ya Sheria. Si mahakama ya kawaida, ingawa inafanya kazi inayofanana na ya mahakama.

Bodi nayo ikimkataa, anaweza kwenda kwenye mahakama ya rufaa ya serikali kuu. Mahakama hizi ziko 13, na kila moja huitwa mzunguko. Mizunguko 11 ina namba, na kila mmoja kati ya hiyo una kundi la majimbo yake. Texas iko Mzunguko wa Tano. Ohio na Kentucky, ambako Wakongomani wengi wamehamia, ziko Mzunguko wa Sita. Iowa iko Mzunguko wa Nane, na California iko Mzunguko wa Tisa. Kwa kawaida majaji watatu husoma faili pamoja na kuamua. Juu yao kuna Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, ambayo huchagua yenyewe kesi za kusikiliza na huchukua chache sana.

Aina mbili za uamuzi

Uamuzi uliochapishwa ni ule ambao majaji wameamua uwe sheria ya kufuatwa. Majaji wa mzunguko huohuo watakaokuja baadaye wanapaswa kuufuata. Mahakama za chini zilizo ndani ya mzunguko huo zinafungwa nao, na jaji wa uhamiaji anayefanya kazi katika majimbo hayo pia. Kwa kawaida uamuzi wa aina hii ni mrefu, una jina la jaji aliyeuandika, na unaeleza hatua kwa hatua kwa nini sheria inasomwa hivyo.

Uamuzi usiochapishwa ni ule ambao majaji wamesema uishie kwenye kesi hiyo. Kwa mwenye kesi una nguvu kamili: aliyeshinda ameshinda, na aliyeshindwa ameshindwa. Lakini mtu mwingine hawezi kusimama mbele ya jaji na kusema, "Lazima uamue kama walivyoamua kwa huyu." Mara nyingi uamuzi huu ni mfupi, kurasa chache tu, na huenda usiwe na jina la jaji aliyeuandika.

Aina hii ya pili ndiyo iliyo nyingi. Zaidi ya asilimia 80 ya maamuzi ya mahakama hizi za rufaa hayachapishwi. Kwa hiyo karatasi ikifika kwenye simu yako bila maelezo yoyote, uwezekano mkubwa ni kwamba ni ya mtu mmoja tu.

Kwa nini hawachapishi yote?

Sababu kubwa ni wingi wa kesi. Mwaka 1964 baraza linalosimamia mahakama za serikali kuu lilipendekeza kuwa majaji wachapishe maamuzi yenye faida kwa watu wote, na yale ya kawaida yabaki kwa wenye kesi. Wakati huo vitabu vya maamuzi vilikuwa vinajaza rafu, na rufaa zilikuwa zinaongezeka. Katika miaka ya 1970 kila mzunguko ulijiwekea kanuni zake.

Kanuni hizo hazifanani neno kwa neno, lakini maswali ambayo majaji hujiuliza yanakaribiana. Je, kesi hii inaweka kanuni mpya? Inabadilisha au kufafanua kanuni ya zamani? Inagusa jambo ambalo mahakama zinapingana? Ni jambo lenye uzito kwa umma? Jibu likiwa hapana kwa yote, majaji huandika uamuzi mfupi kwa ajili ya wenye kesi na kuendelea na faili linalofuata.

Kesi nyingi za hifadhi huangukia hapo. Hazibishani kuhusu sheria. Zinabishania ukweli wa mtu mmoja: je, ushahidi wake ulitosha, je, jaji alikuwa na sababu ya kutoamini maneno yake. Uamuzi kuhusu ushahidi wa mtu wa Beni hausemi lolote kuhusu ushahidi wa mtu wa Uvira, hata kama wote wawili walikimbia vita.

Je, utaratibu huu ni wa haki?

Hata majaji wenyewe wamebishana. Mwaka 2000 iliamuliwa kesi ya mlipa kodi mmoja aliyedai arudishiwe fedha, inayojulikana kwa jina la Anastasoff. Barua yake ilifika siku moja baada ya muda kwisha. Mzunguko wa Nane ulikuwa umewahi kuamua jambo kama hilo, lakini kwa uamuzi usiochapishwa. Jaji Richard Arnold aliandika kwamba mahakama haina ruhusa ya kusema uamuzi wake wa jana hauihusu leo. Kwa maoni yake, kesi zinazofanana lazima ziamuliwe kwa kufanana. Lakini kabla ya mwaka huo kwisha, majaji wote wa mzunguko huo waliufuta uamuzi huo, kwa sababu mlipa kodi alikuwa amekwisha kulipwa na hapakuwa tena na ugomvi.

Mwaka 2001 Mzunguko wa Tisa ulijibu upande wa pili. Jaji Alex Kozinski aliandika kuwa kutunga uamuzi wa kufuatwa ni kazi nzito, kila neno lake litawafunga watu wasiohusika, na majaji hawawezi kufanya hivyo kwa kila faili. Hoja hiyo ndiyo iliyobaki kutumika.

Hata hivyo kuna jambo lililobadilika. Zamani baadhi ya mizunguko ilimkataza wakili hata kuutaja uamuzi usiochapishwa. Kanuni mpya iliyoanza Desemba 2006 iliondoa katazo hilo kwa maamuzi yaliyotolewa kuanzia tarehe 1 Januari 2007. Leo wakili anaweza kumwambia jaji, "Tazama walivyofikiri wenzako." Jaji anaweza kushawishika, lakini halazimiki.

Kwa hiyo karatasi ile ya WhatsApp si takataka. Ikiwa kesi inafanana kweli, mpelekee wakili. Ila usiihesabu kuwa ushindi.

"Haujachapishwa" haina maana kwamba ni siri

Hapa watu wengi hukosea. Neno "kuchapishwa" limebaki kutoka enzi za vitabu. Siku hizi maana yake ni "kufanywa sheria ya kufuatwa". Tangu sheria ya mwaka 2002, mahakama za serikali kuu zinatakiwa kuweka maamuzi yao yote ya maandishi kwenye tovuti zao, yaliyochapishwa na yasiyochapishwa. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuyasoma.

Hili linawagusa ninyi mliobaki nyuma. Katika kesi za uhamiaji, nyaraka nyingi za ndani ya faili hazifunguliwi na umma kupitia intaneti. Lakini uamuzi wenyewe hufunguliwa. Unaweza kubeba jina kamili la mwombaji, mji wake, kundi lililomtesa, na maelezo ya ndugu zake. Kama bado kuna watu wa familia karibu na waliomfukuza, hiyo ni hatari ya kweli.

Kwa hiyo ndugu yako amuulize wakili mapema, kabla ya uamuzi kutolewa: "Je, tunaweza kuomba mahakama itumie herufi za kwanza za jina langu tu?" Mahakama halazimiki kukubali, lakini ombi linawezekana. Bodi ya Rufaa za Uhamiaji yenyewe hutumia herufi badala ya majina katika maamuzi mengi inayoyachapisha.

Uamuzi mmoja uliofungua mlango

Ili kuona nguvu ya uamuzi uliochapishwa, tazama kesi ya Fauziya Kassindja wa Togo. Alikimbia akiwa na miaka 17, baada ya baba yake kufariki na familia kupanga kumkeketa na kumwoza kwa mwanamume mwenye wake wengine. Alifika Marekani Desemba 1994 na akawekwa kizuizini zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 1995 jaji wa uhamiaji alimkatalia.

Juni 1996 Bodi ilimpa hifadhi. Ilisema kuwa ukeketaji wa aina ile ni mateso, na kwamba wasichana wa kabila lake ambao hawajakeketwa na wanaopinga desturi hiyo ni kundi linaloweza kulindwa na sheria ya ukimbizi. Bodi iliuchapisha uamuzi huo, ikiandika jina lake kimakosa kama Kasinga. Kuanzia siku hiyo majaji wa uhamiaji nchi nzima walitakiwa kuufuata. Wanawake ambao hawakuwahi kumwona Kassindja waliingia mahakamani wakiwa na kesi yake mkononi.

Bodi ingeweza kumpa hifadhi bila kuchapisha. Yeye angepata hifadhi vilevile. Wanawake waliokuja nyuma yake ndio wangelazimika kuanza upya, kila mmoja peke yake.

Lakini mlango uliofunguliwa unaweza kufungwa. Mwaka 2014 Bodi ilichapisha uamuzi uliowasaidia baadhi ya wanawake waliokimbia ukatili wa waume zao. Mwaka 2018 Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye ana uwezo wa kuchukua kesi kutoka kwenye Bodi na kuiamua mwenyewe, aliubatilisha. Mwaka 2021 Mwanasheria Mkuu mwingine akaufuta uamuzi huo wa 2018. Kwa hiyo tarehe ni muhimu sawa na ushindi wenyewe. Uamuzi uliokuwa sheria juzi huenda leo si sheria tena.

Kushindwa nako huchapishwa

Uamuzi unaochapishwa hauwi wa ushindi tu. Majaji wakichapisha uamuzi wa kumkatalia mtu, nao huwa sheria ya kufuatwa, na wengine wenye kesi kama hiyo hupata shida. Ndiyo maana wakili mwenye uzoefu, mteja wake akishindwa, anaweza kushukuru kimoyomoyo kwamba angalau uamuzi haukuchapishwa.

Ndiyo maana pia baadhi ya mawakili na mashirika huiandikia mahakama baada ya ushindi na kuomba uamuzi uchapishwe. Mzunguko wa Tisa, kwa mfano, hupokea ombi hilo kwa barua ndani ya siku 60 tangu uamuzi ulipotoka. Ndugu yako akishinda, anaweza kumuuliza wakili kama kuna faida ya kufanya hivyo kwa ajili ya wengine. Akumbuke tu kwamba uamuzi uliochapishwa husomwa na watu wengi zaidi, kwa hiyo suala la jina lake litangulie.

Jinsi ya kuitambua karatasi

Kabla ya kuituma mbele, tafuta mambo manne.

1. Ni ofisi gani imeitoa? Jaji wa uhamiaji, Bodi, au mahakama ya mzunguko? Uamuzi wa jaji wa uhamiaji haumfungi jaji mwingine. Uamuzi wa Bodi uliochapishwa hufuatwa nchi nzima, isipokuwa pale mahakama ya mzunguko imesema vingine.

2. Ni mzunguko upi? Uamuzi wa Mzunguko wa Tisa haumfungi jaji wa Texas, hata kama umechapishwa.

3. Umechapishwa? Tazama juu ya ukurasa wa kwanza na maelezo madogo chini yake. Maneno "NOT FOR PUBLICATION", "NOT RECOMMENDED FOR PUBLICATION", "UNPUBLISHED" au "SUMMARY ORDER" yana maana kwamba si uamuzi wa kufuatwa. Maneno "FOR PUBLICATION" au "PUBLISHED" yakisimama peke yake yana maana kwamba ni wa kufuatwa. Maamuzi ya Bodi yaliyochapishwa hubeba alama "I&N Dec.", na yale ya mahakama za mzunguko ya miaka ya karibuni hutajwa kwa alama "F.4th".

4. Ni wa lini? Kama ni wa zamani, wakili ndiye anayeweza kuangalia kama bado una nguvu.

Kama picha imekatwa na ukurasa wa kwanza haupo, usiiamini mpaka uone karatasi nzima.

Na mimi niliye makazini?

Maamuzi tuliyoyaeleza ni ya watu walio ndani ya Marekani. Mkimbizi anayesubiri kuhamishiwa Marekani akiwa Nakivale, Kyangwali au Kakuma yuko kwenye njia nyingine. Afisa wa uhamiaji wa Marekani akimkatalia baada ya mahojiano, hakuna rufaa ya mahakamani kwa uamuzi huo. Kilichopo ni ombi la kuangaliwa upya, linalopelekwa kwa ofisi ileile ya uhamiaji mara moja tu, ndani ya siku 90 tangu tarehe ya barua ya kukataliwa. Katika ombi hilo unaeleza kosa lililofanyika au ushahidi mpya ulioupata. Kuambatanisha uamuzi wa mtu mwingine hakuchukui nafasi ya maelezo yako.

Kuna pia kesi zinazohusu mpango mzima, si mtu mmoja. Baada ya Marekani kusimamisha kupokea wakimbizi Januari 2025, kesi ilifunguliwa Seattle. Tarehe 25 Februari jaji alizuia usimamishaji huo, na tarehe 25 Machi Mzunguko wa Tisa ukaiondolea nguvu sehemu kubwa ya amri yake wakati rufaa inaendelea. Watu wengi walioisikia habari ya kwanza hawakuisikia ya pili. Amri ya muda si uamuzi wa mwisho. Ukisikia "mahakama imesema", uliza kama ni amri ya muda au uamuzi wa mwisho, na kama kuna iliyofuata.

Na tukumbuke kwamba maamuzi ya Marekani hayazifungi nchi zinazotuhifadhi. Nchini Uganda, kwa mfano, aliyekataliwa hadhi ya ukimbizi hukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Wakimbizi, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006.

Mambo ya kumwambia ndugu yako

Usiache muda upite ukisubiri kesi ya mwingine. Baada ya uamuzi wa mwisho wa Bodi, kuna siku 30 tu za kufungua kesi kwenye mahakama ya mzunguko. Siku ya 31 mlango umefungwa, hata kama kesi ya jirani ilishinda.

Usibadilishe maelezo yako yafanane na ya mtu aliyeshinda. Majaji husoma maelezo ya kwanza na ya mwisho, na tofauti kati yake ndiyo huwafanya wasikuamini. Kilichompa yule ushindi ni ushahidi wake. Wewe una wako.

Usinunue uamuzi wa mahakama wala "hadithi iliyopita". Maamuzi husomwa bure kwenye tovuti za mahakama. Huduma za UNHCR na za washirika wake nazo ni bure, na anayekudai pesa ili akuingize kwenye orodha ni tapeli. Toa taarifa kwenye ofisi ya ulinzi iliyo karibu nawe.

Mpelekee wakili karatasi nzima, na umuulize maswali mawili: "Je, uamuzi huu unamfunga jaji wangu? Kama haumfungi, je, unaweza kumshawishi?" Wakili mzuri atakujibu bila kukasirika.

Na mama akiuliza tena asubuhi, mwambie kwamba yule wa California ameshinda kesi yake. Ya mdogo wako bado iko Texas, na inasubiri ushahidi wake mwenyewe.

Makala hii inatoa maelezo ya jumla na haichukui nafasi ya ushauri wa wakili. Kanuni za uhamiaji hubadilika mara kwa mara. Thibitisha muda na taratibu kabla ya kuchukua hatua.